Suti ya Mheshimiwa na Jukwaa la Elizabeti

Mkuu wa idara ameniomba niwaandikie walimu vijana kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. "Mambo ya kutia moyo, Mwalimu," aliniambia, "uzoefu wako." Kuandika nimekubali. Kutia moyo sikuahidi, na mtakaosoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Nianze na kilichonikasirisha karibuni. Wiki ya mwisho, nilipokuwa nakabidhi funguo za stoo ya mavazi, nilikuta kwenye meza ya mmoja wenu karatasi ya kufundishia. "Sifa tano za maigizo ya enzi za Malkia Elizabeti." Jukwaa lilikuwa wazi. Wanawake hawakuigiza. Watu wa chini walisimama. Mavazi yalikuwa ya kifahari. Maigizo yaliakisi jamii ya wakati ule. Basi, imeisha. Mwanachuo anakariri, anajibu mtihani, anasahau kabla hajafika getini. Jamii gani hiyo? Iliakisiwa vipi, na ilipoakisiwa aliumia nani? Karatasi haisemi. Moyo ulinituma niichane, nikakumbuka si yangu.

Somo hilo nimelifundisha tangu siku yangu ya kwanza hapa chuoni mpaka ya mwisho. Nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Niliripoti Jumatatu, binti mwenye begi moja, viatu vyangu vimejaa vumbi la kijiji cha Mkonze, na mkuu wa idara wa wakati ule akafungua kabati akanikabidhi faili la nukuu zilizopigwa taipu. "Hii ni Uingereza," akasema. "Wewe mgeni, utaanza nayo." Mchwa walikuwa wameshakula kurasa zote za wafalme na vita vyao, wakaacha za watazamaji na waigizaji. Nadhani walinisaidia kuchagua.

Kipindi cha kwanza niliwasomea wanachuo nukuu na wao wakaandika. Nilipofika kwenye watu wa kiingilio cha chini waliosimama uani kwa saa mbili au tatu, bila paa, binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mvua ikinyesha?" Nikamwambia tuendelee. Niliporudi chumbani kwangu nilijichukia, kwa sababu swali lile ndilo lilikuwa somo lenyewe, nami nililipita kana kwamba nakimbizwa.

Jumamosi nikaenda mnadani kununua mbuzi wa kuchoma, kama watu wa Dodoma tufanyavyo. Pale katikati alikuwepo mpiga zeze, amezungukwa na watu pande tatu, wengine juani kabisa. Walionunua nyama walikuwa wamekaa kwenye banda, kivulini. Na wale wafanyabiashara wakubwa wa ng'ombe walikuwa wamewekewa viti mbele ya wote, karibu wamkanyage mpiga zeze miguu. Nikasimama pale na nyama yangu inapoa. Jumamosi iliyofuata nikawapeleka wanachuo wote, thelathini na kitu, kwa miguu.

Niliwaambia watazame kabla ya kuandika. Majumba ya maigizo ya London yalijengwa nje ya mipaka ya mamlaka ya jiji, kwa sababu wakubwa wa jiji hawakuyataka, wakiyaita machaka ya wezi na ugonjwa. Maigizo yalichezwa mchana, kwa mwanga wa jua. Uani walisimama wanagenzi, wachukuzi na wauza samaki. Aliyetaka kukaa aliongeza senti. Na wapo mabwana waliowekewa viti juu ya jukwaa lenyewe, pembeni mwa waigizaji, mahali ambapo hata kuona vizuri huoni.

"Sasa walikaa pale kwa nini?" mmoja akauliza.

"Waonekane."

"Ah," akasema, "kumbe meza kuu."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, na nimelitumia jibu lile kwa miaka yote iliyofuata bila kumlipa mwenyewe chochote. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kufundisha. Siku mtakapoona kipindi kimekufa, acheni nukuu mtoke nje na wanachuo wenu.

Mambo mengine hayakuhitaji hata kutoka nje. Kwamba wavulana ndio walioigiza wanawake, hilo tulikuwa nalo wenyewe. Wazazi hawakutaka binti zao wapande jukwaani, na mchungaji mmoja alikuja mpaka ofisini kunionya. Miaka minne ya kwanza bibi harusi katika michezo yetu alikuwa kijana mmoja wa Kondoa aliyenyoa ndevu asubuhi na zikawa zimesharudi mchana. Kwamba mwigizaji asiye na bwana wa kumdhamini aliweza kukamatwa kama mzururaji, wanachuo wangu walilielewa haraka kuliko mimi. Walikwisha kuona vikundi vya ngoma vikizuiwa kwa kukosa barua ya mkubwa fulani.

Lililonichukua muda ni mavazi, na aliyenifundisha hakuwa mwalimu. Alikuwa Mzee Shabani, fundi cherehani wa mtaa wa Majengo. Babu yake alifika huku na misafara ya biashara, ukoo ukabaki. Alikaa kwenye baraza ya duka karibu na wauza nafaka, na cherehani yake ya miguu, na pini tatu nne mdomoni. Alinifundisha kushona pindo kwa mkono, pana, ili vazi la mwigizaji mfupi lije limfae mrefu. Alinifundisha kupiga pasi ya mkaa bila kuacha alama, na kuchora kwa kipande cha sabuni badala ya chaki, maana sabuni inatoka kwa maji.

Kwake ndiko nilikonunua nguo za wakubwa. Mnajua mji wetu ulivyo, vigogo hawakosekani. Mkubwa akiichoka suti, mke wake humpa mfanyakazi wa nyumbani. Mfanyakazi hawezi kuivaa. Akipita nayo sokoni watasema ameiba. Kwa hiyo anaipeleka kwa Mzee Shabani. Siku moja nilimweleza Mzee kwamba huko Uingereza ya Elizabeti ilikuwa vivyo hivyo. Sheria ilisema nani avae mahameli na nani asivae, hariri ya rangi fulani ilikuwa ya ukoo wa kifalme tu. Bwana akifa, nguo zake nzuri aliwaachia watumishi, watumishi hawakuruhusiwa kuzivaa, wakawauzia waigizaji. Ndiyo maana mtoto wa fundi viatu aliweza kusimama jukwaani, mbele ya watu wote, ndani ya joho la bwana halisi. Mzee Shabani alicheka mpaka ikabidi atoe pini mdomoni.

"Kwa hiyo na Wazungu walikuwa na mitumba?"

"Walikuwa nayo, Mzee."

"Na mwenye nguo akiiona?"

Nikasema nukuu zangu hazikueleza. Akaacha kucheka. "Basi mimi nikueleze, mwanangu. Nguo ya mkubwa ikiingia mikononi mwako, kabla hujaipeleka kwenye michezo yenu, ng'oa vifungo. Weka vingine. Na kola ibadilishe ukiweza. Mji huu ni mdogo. Mwenye nguo yuko hai, anapita barabara hiyo hiyo."

Kanuni hiyo niliishika miaka kumi. Kila koti lililoingia stoo lilivuliwa vifungo kwanza, hata kabla ya kufuliwa. Kisha ukaja mwaka wa kumi na moja, na kuanzia hapa sitawachekesha tena.

Mwaka ule nilikuwa na mwanachuo wa mwaka wa mwisho aitwaye Chilongani. Mtoto wa wafugaji, mrefu, mkimya darasani kiasi kwamba walimu wengine hawakumjua jina. Mama yake alikuwa mjane, huyu ndiye mtoto wake wa kwanza kuvuka shule ya msingi, na kijijini walishaanza kumwita mama "Mama Mwalimu" kabla kijana hajamaliza. Ukimpandisha jukwaani, Chilongani alikuwa mtu mwingine. Sijapata kufundisha mwigizaji kama yule, wala sitapata, maana nimestaafu.

Wanachuo walitunga mchezo wao wenyewe kuhusu mwaka wa njaa. Bwana mmoja amepewa kazi ya kugawa mahindi ya msaada, anayagawa kwa ndugu zake, anawahutubia wengine kuhusu uvumilivu. Hawakumlenga mtu. Bwana yule alikuwa mchanganyiko wa mabwana wote waliowahi kuwasikia. Chilongani akapewa nafasi ya huyo bwana.

Siku tisa kabla ya siku ya chuo nikaenda Majengo, Mzee Shabani akanitolea suti ya Kaunda ya kijivu. Kitambaa kizito, mshono safi. Vifungo vyake vilikuwa vya pembe ya ng'ombe, vitano, vinne vya kahawia na cha chini cheupe kabisa. Ni wazi kimoja kilipotea na fundi akatafuta pembe nyingine. "Ng'oa," Mzee aliniambia, hata kabla sijafungua mkoba. Nikasema ndiyo, Mzee.

Sikung'oa. Nimejiambia miaka yote kwamba wiki ilikuwa na kazi nyingi, na kweli ilikuwa. Lakini kweli nyingine ni kwamba vilinipendeza. Nilitaka watu wa meza kuu waone kwamba idara yangu ina nguo ya maana. Nilimvisha Chilongani mwenyewe, stoo, nikamfunga vifungo kimoja kimoja, nikamwambia asimame ajiangalie. Akaweka mikono nyuma, akatoa tumbo, akatembea hatua nne, na hatua ya nne ilikuwa ya mkubwa kabisa. "Mwalimu," akasema, "hii nguo inajua kutembea yenyewe." Nilifurahi kupita kiasi.

Siku ya chuo watu wa Mkonze walijaa uwanjani. Waliosimama walisimama juani, na upepo wetu wa Dodoma ukiwapiga vumbi la macho. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai, na kwa sababu ya itifaki ilisogezwa mbele mpaka ikawa hatua sita kutoka kwa waigizaji. Mgeni rasmi alikuwa amebadilishwa juzi yake. Akaja mheshimiwa mmoja ambaye sitamtaja, na jina lake halingewasaidia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la khanga nikihesabu wanaoingia.

Chilongani akatoka. Mikono nyuma, tumbo mbele. Uwanja ukacheka kidogo, kicheko cha kawaida. Kisha dereva wa mheshimiwa, aliyekuwa amesimama na wanakijiji, akasema kwa sauti ambayo nadhani ilimtoka tu:

"He! Si suti ya mzee hiyo? Na kile kifungo cheupe!"

Walio karibu wakageuka kumtazama mheshimiwa, wakarudi kumtazama Chilongani, wakarudi kwa mheshimiwa. Kicheko kikaanza kona moja na kuzunguka uwanja mzima. Chilongani alidhani wanampenda. Maskini, akazidisha. Akatembea mpaka mbele ya meza kuu, hatua sita tu, akainama kidogo, akasema maneno ya mchezo, "Ndugu zangu, njaa ni ya mpito." Mama mmoja alicheka akakaa chini. Mheshimiwa alikuwa anatazama kile kifungo. Akanyanyuka, na msafara wake ukanyanyuka, magari yakaondoka na risala haijasomwa.

Jumatatu kamati ya nidhamu ikakaa. Sikilizeni vizuri sasa, maana hili ndilo nililoitwa kuwasimulia, ingawa aliyeniita hajui.

Swali la kamati lilikuwa moja: suti ilitoka wapi, na nani aliamua ivaliwe. Jibu lilikuwa fupi. Niliinunua mimi, Majengo, nikamvisha mimi. Kwa jibu hilo mimi ningeandikiwa barua ya onyo, pengine ningehamishwa chuo kingine. Kijana angerudi darasani. Ilikuwa imebaki miezi miwili afanye mtihani wa mwisho.

Chilongani alihojiwa kwanza. Aliiambia kamati kwamba nguo alipewa na mwalimu. Wakamtoa nje, wakaniita mimi.

"Mwalimu," Mkuu wa Chuo akasema, "tueleze kuhusu haya mavazi."

Nami nikaeleza. Mungu wangu, nilieleza. Niliwaeleza kamati ya nidhamu kuhusu sheria za mavazi za Elizabeti. Niliwaeleza mahameli, hariri, watumishi walioachiwa nguo za mabwana, majoho yaliyofika jukwaani. Niliwaeleza kwamba maigizo ya wakati ule yaliakisi jamii iliyomtambua mtu kwa kitambaa chake, na kwamba watu walifurahi kuona kitambaa kile mwilini mwa mtu wa kawaida, na kwamba wakubwa walichukia kwa sababu hiyo hiyo. Nilisema vizuri. Sijawahi kufundisha vizuri vile. Robo saa nzima, na katika robo saa ile neno "mimi" halikutoka kinywani mwangu hata mara moja.

Mkuu wa Chuo hakuwa mjinga. Alinisubiri nimalize, akauliza taratibu: "Kwa hiyo, Mwalimu, kwa utaratibu wa sanaa hii, waigizaji ndio wanaojitafutia mavazi yao?"

Aliniwekea mlango wazi, nami nikapita. "Kihistoria," nikasema, "ndiyo."

Katibu akaandika. Nilisaini muhtasari siku ya pili: mwalimu wa somo amethibitisha kwamba waigizaji hujitafutia mavazi wenyewe. Chilongani akaonekana mwongo, na akafukuzwa chuo. Barua yake ilisema amevaa hadharani vazi la kiongozi lililopatikana kwa njia isiyoeleweka, kwa nia ya kumdhalilisha. Njia isiyoeleweka! Walimu wenzangu walioketi kwenye kamati ile walijua kabisa nani mwenye ufunguo wa stoo. Walinipungia mkono kantini, wakaniuliza chai yangu waiwekee sukari ngapi. Nawachukia mpaka leo kwa adabu yao, na nikishamaliza kuwachukia narudi kwangu.

Mama yake alikuja kuchukua sanduku. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga khanga mbili, Kiswahili chake kikipitia kwanza Cigogo, lugha ya kwao. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama usoni.

"Mwalimu, barua nimesomewa na katibu wa kijiji. Inasema nguo. Mwanangu kaiba nguo?"

"Hapana, mama. Barua haisemi ameiba."

"Inasema nini basi?"

"Inasema... njia haikueleweka."

"Nguo ya mkubwa, njia haieleweki. Kwetu huko ndiyo kuiba, Mwalimu." Akamsaidia mwanawe kubeba sanduku. Chilongani hakunitazama. Nilisimama pale na sketi yangu ya kazi nikasema, "Poleni sana," na nikaenda kipindi cha saa nne.

Mzee Shabani nilimpelekea habari mwenyewe, na nilikwenda na kisingizio nimekiandaa. Nikamwambia nilinyamaza ili kumlinda yeye, na yule mfanyakazi wa nyumbani aliyemletea suti, maana wangeulizwa. Mzee alisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono wake.

"Usiniweke mimi humo. Mimi nilikuuzia nguo. Nilikwambia ung'oe vifungo, hukung'oa. Hayo ni makosa, kila fundi anakosea. Lakini kwenda kumwacha mtoto wa watu ndani ya nguo uliyomvisha wewe! Rudi kaseme."

"Wameshafunga faili, Mzee."

"Kafungue."

Sikurudi. Aliendelea kunishonea kwa miaka mingine mingi, mpaka macho yakamshinda, ila hakuniita tena mwanangu. Aliniita Mwalimu. Alipofariki nilikaa na wanawake msibani siku zote tatu, na hakuna aliyejua nalia nini.

Nikaendelea kufundisha. Kila mwaka, muhula wa pili, nilifika kwenye mada ya mavazi, na kila mwaka wanachuo walisema hiyo ndiyo mada ninayoifundisha kwa moto. Walikuwa hawajui ni moto gani. Ninyi wengine mlikaa kwenye madawati yale, mnakumbuka nilivyowafokea mlipoandika kwamba maigizo yale yaliakisi jamii "kama kioo". Niliwafokea kwa sababu kioo hakimuumizi anayekishika. Kule London mchezo ukiwakera wakubwa, waliotupwa gerezani walikuwa waandishi na waigizaji. Mabwana waliokuwa wamewadhamini walikaa kimya majumbani kwao. Hilo nililijua, nilikuwa nalifundisha, na nilifanya vile vile.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu niliandika barua kwa chuo, kurasa mbili, kueleza yaliyotokea ili faili la Chilongani lisahihishwe. Kabla ya kuipeleka nikaona ni lazima kwanza aisome yeye. Nilimuulizia kwa watu wa kijijini kwao, nikaambiwa yuko Ihumwa, upande wa reli, anachomelea mageti na madirisha. Nikapanda bajaji.

Karakana yake ni safi. Alikuwa na mafundi wawili na geti kubwa limelala chini. Akavua miwani ya kuchomelea, akanitambua mara moja. Nywele zake zimeanza kuota mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Chilongani."

Akanipa kiti, yeye akabaki amesimama. Nikamwambia nimekuja na barua. Akanionyesha mikono yake, ilikuwa myeusi kwa kazi. "Nisomee," akasema.

Nikavaa miwani nikaanza. Barua ilianza na malengo ya somo la sanaa za maonyesho. Ikaja desturi ya mavazi katika maigizo ya Elizabeti na jinsi ilivyofanana na hali ya mji wetu. Nilikuwa nakaribia mwisho wa ukurasa wa kwanza aliponigusa bega kwa kidole kimoja.

"Mwalimu. Uko Uingereza tena."

Nikashusha karatasi mapajani.

"Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nje, chini ya dirisha la ofisi. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilikusikia mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nasema moyoni, akimaliza hii ya hariri atasema ni yeye. Akimaliza hii ya watumishi atasema. Ulieleza vizuri sana, Mwalimu. Mpaka leo nakumbuka yote."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nilichana ile barua mbele yake, mara nne, nikaomba karatasi. Akanipa kipande cha daftari lake la kuchorea vipimo. Nikaandika: Suti niliinunua mimi na nilimvisha mimi, Chilongani hakujua ilikotoka. Nikamsomea. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi moja.

"Weka sahihi," akasema.

Nikaweka. Akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaisoma mwenyewe tena, midomo ikicheza. Nikamwambia nitaipeleka chuoni kesho yake, na nakala nitaipeleka kwa mama, kijijini, nimsomee kwa mdomo wangu.

"Mama alifariki," akasema. "Mwaka wa tatu huu."

Mafundi wake walikuwa wameacha kugonga. Akanirudishia karatasi.

"Nilimwambia kila mwaka kwamba sikuiba. Hakuniamini hata siku moja, maana aliyesaini alikuwa mwalimu. Siku za mwisho aliniita kitandani, akanishika mkono, akaniambia amenisamehe ile nguo. Nikamwambia asante, Mama."